Kazi naijua, swali la Kiingereza linanishinda: nifanye nini kabla ya pepa za Novemba?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhasibu msaidizi katika halmashauri moja ya mkoa wa Dodoma. Nafanya mitihani ya CPA, ile ya taaluma ya uhasibu inayosimamiwa na Bodi ya wahasibu (NBAA), na matokeo ya Mei yamenirudisha tena kwenye pepa mbili, ya ukaguzi na ya taarifa za fedha. Nikieleweshwa swali kwa Kiswahili najibu vizuri. Nikiwa peke yangu na karatasi, nasoma mara tatu na bado sijui ninachoulizwa. Nimenunua kitabu chenye orodha ya maneno 3,000 ya Kiingereza ili nikariri. Pia kuna kozi ya kuongea Kiingereza mjini kila Jumamosi. Nianze na kipi? Na je, nisajili Novemba au nisubiri Mei?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa matokeo. Kufeli pepa ya kazi unayoifanya kila siku kunauma kuliko kufeli jambo usilolijua. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako ni la wengi hapa kwetu: watumishi wa halmashauri, maofisa walioko wizarani Mtumba, vijana waliomaliza vyuo vya CBE na UDOM wakaajiriwa, kisha wakakutana na mtihani wa Bodi wakiwa na kazi, watoto na mikopo.

Kwanza jambo moja uliondoe moyoni. Ulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote, ukaingia kidato cha kwanza ukakuta kila somo isipokuwa Kiswahili limegeuka Kiingereza kwa siku moja. Ulifika chuo ukitumia Kiingereza cha kunakili ubaoni na cha kukariri noti. Hakuna aliyekaa nawe kukufundisha jinsi ya kusoma sentensi ya maneno arobaini yenye masharti matatu ndani yake. Hiyo ni stadi, inafundishika, na akili yako haina kasoro.

Sasa nikujibu. Orodha ya maneno 3,000 iweke pembeni. Kozi ya kuongea isubiri hadi Desemba. Unachokosa ni usahihi juu ya maneno machache, pamoja na mazoea ya kuifuata sentensi ndefu hadi nukta yake bila mtu wa kukufasiria. Vyote viwili vinajengwa kwa karatasi ambazo nyingi ziko tayari mezani kwako ofisini.

Kabla ya lolote, jipime, maana wapo wanaokilaumu Kiingereza kwa kosa la somo. Chukua maswali kumi ya miaka iliyopita ambayo hujayafanyia kazi. Soma swali moja, funika karatasi, halafu andika kwa Kiswahili mambo mawili tu: ninaambiwa nini, na ninatakiwa kufanya nini. Kisha fungua majibu yaliyopendekezwa na ulinganishe. Pale ulipokosea kusema unachotakiwa kufanya, hilo ni tatizo la lugha. Pale uliposema sawasawa lakini usingeweza kujibu hata kwa Kiswahili, hilo ni tatizo la somo, na hakuna msamiati utakaolitibu. Hapo rudi kwenye kitabu cha uhasibu au kwa mwalimu wako wa rivyu, yale madarasa ya kujiandaa na mtihani. Andika matokeo ya maswali hayo kumi ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Tutayahitaji mwishoni.

Sasa habari ya maneno. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya familia za maneno kama 2,000 zinazotumika zaidi katika Kiingereza. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand akachambua maandishi ya kitaaluma na kupata familia 570 ambazo hazimo katika zile za West, lakini zinajirudia katika fani zote, kuanzia sheria hadi biashara. Familia ni neno na ndugu zake: “assess”, “assessed”, “assessment”. Hizo 570 peke yake zinabeba karibu asilimia 10 ya maneno yote ya maandishi ya kitaaluma. Watafiti wa usomaji, akiwemo Paul Nation, wameonyesha pia kwamba msomaji huhitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yake ili aelewe vizuri bila msaada, yaani neno geni moja tu katika kila maneno 50. Katika swali la maneno 200, hayo ni maneno manne.

Wewe hauko mbali na kiwango hicho kama unavyodhani. Maneno ya uhasibu wenyewe unayo: “accrual”, “ledger”, “voucher”, “imprest”, “reconciliation” unayatamka ofisini kila siku katikati ya Kiswahili. Maneno ya kawaida ya West mengi unayo tangu sekondari. Kinachokuangusha ni kundi la katikati, maneno yanayounganisha na kuwekea masharti: “unless”, “whereas”, “respectively”, “in respect of”, “prior to”, “subsequent”, “outstanding”, “net of”, “in excess of”, “notwithstanding”. Mwalimu wa uhasibu hayafundishi kwa sababu si uhasibu. Mwalimu wa Kiingereza huyapitia juu juu kwa sababu ana sarufi ya kumaliza. Yamebaki bila mwenyewe, na mtahini anayatumia katika kila aya.

Tazama sentensi hii, nimeitunga kwa mfano wa maswali ya taarifa za fedha:

“Trade receivables increased by 20% to TZS 48 million.”

Wengi huiona 48 na 20%, wakazidisha, wakapata 57.6. Neno “by” linasema ongezeko lilikuwa kiasi gani, na “to” linasema limefikia wapi. Milioni 48 ndiyo mwisho wa safari; mwaka uliopita wadaiwa walikuwa milioni 40. Kwa kihusishi kimoja umepoteza hesabu ya kwanza na zote zinazoitegemea.

Au hii, ya mfanyabiashara wa mahindi pale Kibaigwa:

“Included in closing inventory of TZS 25 million is maize which cost TZS 3 million and could only be sold for TZS 2.2 million.”

Msomaji mwenye haraka anaona mahindi ya milioni 3, anaijumlisha kwenye 25, anapata 28. Sentensi imeanza na “Included in”, maana yake mahindi tayari yamo ndani ya ile 25. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinataka mali ghalani ithaminiwe kwa kiasi kidogo kati ya gharama na thamani halisi ya kuuzia, hivyo unapunguza milioni 0.8 na ghala linabaki milioni 24.2. Kanuni ya IAS 2 bila shaka unaijua. Kilichokukosesha alama ni mtindo wa Kiingereza cha mtihani wa kuweka kitendo mbele na mtendwa nyuma. Ukikutana na sentensi inayoanza na “Included in”, “Of this amount”, “Not reflected in” au “Had the goods been”, simama. Tafuta ni kitu gani hasa kinachozungumzwa, kipigie mstari, ndipo uendelee.

Lipo kundi lingine dogo ambalo nakuomba ulipe muda mwingi kuliko yote. Ni maneno ambayo katika mazungumzo yanalegea, lakini katika viwango vya uhasibu yana mipaka kama ya shamba. IAS 37, kiwango cha madeni na madai yasiyo na uhakika, ndiyo shule nzuri, na katika IPSAS, viwango vya uhasibu vya sekta ya umma, ndugu yake ni IPSAS 19. Tuseme mkandarasi wa kisima ameishitaki halmashauri akidai milioni 40. Swali likisema malipo ni “probable”, maana yake uwezekano wa kulipa ni mkubwa kuliko wa kutolipa. Kama wajibu umetokana na jambo lililokwishatokea na kiasi kinakadirika kwa uhakika, unatenga fedha hiyo kwenye vitabu. Likisema “possible” tu, hutengi, unaeleza katika maelezo ya hesabu. Likisema “remote”, hata kueleza huhitaji. Geuza sasa: halmashauri ndiyo inayodai fidia. Hapo “probable” haitoshi kuingiza mapato, inatosha kueleza tu. Ili uingize unataka “virtually certain”. Mtahini amekupa jibu ndani ya neno moja, na wewe unalisoma kwa mkupuo kama “inawezekana”, basi.

Mengine ya aina hii kwenye pepa ya ukaguzi: “shall” katika ISA, viwango vya kimataifa vya ukaguzi, ni lazima, “may” ni ruhusa. “Material” hapo si malighafi. Ni kosa au upungufu wenye uzito wa kuweza kubadili uamuzi wa anayesoma hesabu. Na “qualified opinion”, ambayo masikioni inapendeza kama mtu mwenye sifa, ndiyo ile hati yenye shaka mnayoiogopa pale halmashauri. Ninyi mnataka “unqualified”, hati inayoridhisha. Mtu aliyepita kwenye kikao cha hoja za ukaguzi hawezi kulisahau neno hilo akishaliunganisha na kile kikao.

Hapo ndipo ulipo utajiri wako, na nashangaa jinsi watumishi wanavyoupita. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hukabidhi ripoti zake kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha huwasilishwa Bungeni hapa Dodoma, na ripoti kuu hutolewa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Sijui kitabu gani cha mazoezi kingekufaa kuliko hicho. Habari ni za halmashauri kama yako: makusanyo ya mashine za POS yasiyopelekwa benki, malipo yasiyo na viambatisho, mikopo ya vikundi isiyorejeshwa, miradi iliyochelewa. Habari yenyewe unaijua, kwa hiyo akili yako yote inabaki kwenye lugha.

Fanya hivi. Pakua ripoti ya serikali za mitaa katika lugha zote mbili. Anza na Kiingereza, aya moja tu. Isome yote bila kugusa kamusi. Isome tena ukipigia mstari vitenzi na yale maneno ya kuunganisha. Andika kwa Kiswahili chako aya inasema nini. Ndipo ufungue ile ya Kiswahili uone ulipopotea. Usianze na Kiswahili, hata siku ukiwa umechoka, kwa sababu ukishajua jibu macho hayasomi tena, yanathibitisha tu. Aya mbili kwa siku zinatosha. Zikiwa nyingi utaanza kuzipitia kama gazeti.

Kisha kuna hesabu za mwaka za halmashauri yako mwenyewe. Zinaandaliwa kwa Kiingereza kwa kufuata IPSAS, na wewe huenda umeshiriki kuzijaza namba. Je, umewahi kusoma yale maelezo ya nyuma, sera za uhasibu na ufafanuzi wa kila namba? Wengi hunakili ya mwaka jana na kubadili tarehe. Soma maelezo hayo kwa sauti, moja kila asubuhi kabla watu hawajajaa ofisini. Barua ya wakaguzi kwa menejimenti nayo ni somo zuri: ina jambo lililoonekana, athari yake, pendekezo na majibu ya menejimenti, na huo ndio mpangilio unaotakiwa katika maswali mengi ya udhaifu wa mifumo ya udhibiti. Angalia tu usichukue nyaraka za siri kwenda nazo nyumbani. Zisome hapo hapo kazini.

Maneno utakayoyapata huko yaweke kwenye kadi, lakini kila neno liingie likiwa ndani ya sentensi yake. “Outstanding” peke yake ni hasara. Kwenye mazungumzo humaanisha bora sana, kwenye leja humaanisha halijalipwa. Upande mmoja wa kadi andika sentensi nzima ya Kiingereza yenye pengo pale neno linapokaa. Upande wa pili andika neno, na maana ya sentensi nzima kwa Kiswahili. Kadi nane mpya kwa siku, zisizidi hapo.

Kadi hizo zitunze katika bahasha tatu za kaki. Bahasha ya kwanza unaipitia kila siku, ya pili kila baada ya siku tatu, ya tatu mara moja kwa wiki. Kadi uliyoipata inapanda bahasha ya juu, uliyoikosa inarudi ya kwanza hata kama ilikuwa ya tatu. Utaratibu huu wa kupandisha na kushusha kadi ulienezwa na Mjerumani Sebastian Leitner miaka ya 1970, na msingi wake ni wa zamani zaidi: Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, yaliyoonyesha kwamba kujifunza kwa vipindi vilivyoachana hudumu kuliko kujifunza kwa mkupuo. Kama unapenda simu, programu ya Anki inafanya kazi hiyo hiyo na kwenye Android ni bure. Mimi napendelea karatasi kwako, kwa sababu unaiandika kwa mkono na kwa sababu simu ina WhatsApp.

Muhimu ni kujihoji kabla ya kugeuza kadi. Kusoma neno na maana yake mara kumi kunakupa hisia ya kulijua, na hisia hiyo ni ya uongo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma matini na waliojipima kwa kuikumbuka. Baada ya dakika chache waliorudia kusoma walionekana mbele, lakini baada ya wiki moja waliojipima waliwaacha mbali. Mtihani wako uko miezi mbele. Chagua kinachodumu.

Nakuja kwenye sehemu ya “Required”, ile inayokuambia ufanye nini. Hapa napoteza usingizi kwa ajili yenu, kwa sababu alama zinazodondoka hapa ni za watu wanaojua. Swali linasema “Distinguish between fraud and error”, na mtahiniwa anaandika aya nzuri ya udanganyifu, kisha aya nzuri ya kosa, basi. Ameeleza vitu viwili; hakuvitofautisha. Mtahini alitaka kigezo: udanganyifu una nia, kosa halina. Swali likisema “Advise the directors”, jibu lisilo na pendekezo mwishoni halijakamilika hata kama uchambuzi ni mzuri, kwa sababu anayeshauriwa anataka kujua afanye nini. “List” haihitaji maelezo, na ukieleza unateketeza dakika. “Explain” inataka sababu, na sababu kwa Kiingereza karibu kila mara inabebwa na “because”, “so that” au “as a result”. Kama jibu lako la “explain” halina hata moja ya hizo, lisome tena. Yawezekana umeorodhesha tu. “Comment on” huwachanganya wengi: inataka useme namba inaashiria nini, nzuri au mbaya, na kwa nini.

Kusanya vitenzi hivyo kutoka katika pepa za miaka iliyopita za masomo yako mawili. Havitazidi ishirini na kitu, vinajirudia mno. Kwa kila kimoja bandika jibu lililopendekezwa la swali mojawapo, uone kwa macho yako jibu la kitenzi hicho linafananaje: urefu wake, linaanzaje, linaishiaje. Kwa wiki tatu za mwanzo, hili ndilo zoezi ambalo ningelilinda kuliko mengine yote.

Kwenye chumba cha mtihani anza na “Required” kabla ya hadithi. Ukijua unachotafutwa, hadithi inasomeka kwa nusu ya muda, na unajua aya ipi ni ya kupita. Katika pepa yenye muda wa saa 3 na alama 100, kila alama ina dakika 1.8, swali la alama 20 lina dakika 36, na kati ya hizo tano au sita za kusoma kwa utulivu si hasara. Wanaofeli kwa lugha mara nyingi ndio wanaoanza kuandika mapema kuliko wote ukumbini. Anza mazoezi bila saa katika mwezi wako wa kwanza wa maandalizi, ili usahihi utangulie, kisha ongeza saa Septemba.

Kuandika kwako kusikutishe. Mtahini wa uhasibu anatafuta hoja, hatafuti Kiingereza cha mapambo. Tazama jibu hili la ile kesi ya kisima:

“A provision should be recognised. The council has a present obligation because the work was done before 30 June. Payment is probable. The amount can be estimated reliably.”

Sentensi nne fupi, kila moja ina alama yake. Mtu aliyezoea kunakili vitabu angeandika sentensi moja ya mistari mitano, akapotea katikati, na mtahini akapotea naye. Jizoeze kuandika hivyo: uamuzi kwanza, halafu sababu moja kwa kila sentensi, ukitumia maneno ya kiwango chenyewe. Aya moja ya namna hii kila jioni. Mpe mwenzako anayejua somo aisome. Hata kama Kiingereza chake si kizuri, atajua kama hoja imefika.

Kuhusu rivyu zinazofundishwa kwa Kiswahili kitupu, siungani na wanaozikataza. Dhana ngumu ishike kwanza kwa lugha unayowazia, hiyo ni busara. Shida inaanza usiku huo huo unapofunga daftari ukiamini umemaliza. Kila mada uliyoeleweshwa kwa Kiswahili, ifungue siku hiyo hiyo katika swali moja la Kiingereza, peke yako, bila mwalimu wa kukuambia “hapa anataka hivi”. Yule anayekufasiria maswali kila mara anakufanyia sehemu ya mtihani ambayo siku ya siku hatakuwepo kuifanya. Programu za kutafsiri kwenye simu ni hivyo hivyo: zitumie mwisho kabisa, kuhakiki ulichokwisha kuandika.

Na ile kozi ya Jumamosi? Kuongea Kiingereza ni jambo jema na litakusaidia kwenye usaili wa kazi. Lakini masaa ya kujitambulisha na kueleza utalii wa Serengeti hayatakufikisha kwenye “notwithstanding”. Nauli hiyo na siku hiyo zitumie kukutana na wenzako wawili wanaofanya pepa hizo hizo, hata kwenye Maktaba ya Mkoa kama mnakuja mjini. Swali moja kwa wakati: kila mmoja asome kimya, aandike kwa Kiswahili anachotakiwa kufanya, ndipo mlinganishe. Mtashangaa jinsi watu watatu walivyosoma maswali matatu tofauti kutoka karatasi moja. Mkabishane kwa kurudi kwenye maneno ya swali: ni neno lipi linalokufanya useme hivyo?

Ratiba yako siijui yote, ila najua miezi hii ni ya kufunga hesabu na wakaguzi wako njiani. Usijipangie masaa manne ya usiku ambayo hutayafuata. Dakika arobaini alfajiri kwa ripoti na kadi, dakika ishirini jioni kwa aya moja ya kuandika, na swali moja zima mwisho wa wiki. Wiki ambayo kazi imezidi, acha kila kitu isipokuwa bahasha ya kwanza. Kadi zisipitiwe siku mbili tatu, utaona zinavyotoroka.

Sasa usajili. Fungua mwenyewe kanuni za Bodi za ngazi yako, kwa Kiingereza, uone zinasemaje kuhusu idadi ya masomo unayoruhusiwa kufanya kwa kikao kimoja na tarehe za mwisho. Ziandike kwa Kiswahili, halafu piga simu Bodi uthibitishe kabla ya kulipa ada. Hilo nalo ni zoezi la kusoma, na fedha yako imo ndani yake.

Halafu, siku chache kabla dirisha la usajili halijafungwa, chukua maswali mengine kumi mapya ya masomo yako mawili na urudie kile kipimo cha mwanzo. Ukisema sawasawa unachotakiwa kufanya katika maswali saba au zaidi, sajili pepa zote mbili Novemba. Ukipata kati ya manne na sita, na kanuni zikikuruhusu, chukua moja. Mimi ningechagua ukaguzi, kwa sababu lugha yake utakuwa unaisoma kila asubuhi kwenye ripoti za CAG. Ukiwa chini ya manne, subiri Mei, na usione aibu kumweleza mkuu wako wa idara sababu.

Ukikwama kwenye sentensi fulani niandikie, lakini initumie nzima, pamoja na “Required” yake. Neno moja likiletwa peke yake siwezi kukujibu vizuri.